Bomba Liko Wapi, Mwanangu?

Hii habari mie huwa naikwepa. Wanangu wanajua kipande cha kamba tu, na mke wangu akiianza mbele ya wageni mie natoka kwenda kuangalia kuku, hata kama kuku wameshalala. Lakini leo mmenibana, na chai yenu nimeshaimaliza, basi nitasema yote: niliwahi kumfunga kamba mzee ambaye ilikuwa nimwite baba mkwe, nikamkalisha chini juani mchana kweupe, na (hapa ndipo ninapotakaga ardhi ipasuke inimeze) muda wote ule nilikuwa najisifu moyoni.

Nilikuwa kijana, mlinzi wa bomba la mafuta, lile linalotoka pwani kwetu kwenda nchi jirani. Kituo chetu kilikuwa huko mbele ya Mbagala, na Mbagala ya enzi hizo ilikuwa mikorosho na mihogo, ukimwambia mtu unashinda Mbagala anakuuliza mjini unakuja lini. Nasema kituo kwa heshima tu, kilikuwa kibanda cha bati, uzio wa seng'enge, na katikati koki moja kubwa ya chuma ya kufungia mafuta. Mie nilikuwa kibarua pale. Chumba nilipanga Tandika, na Tandika ndiko alikokuwa Zuhura.

Zuhura alitoka Nachingwea kuja kukaa na mama yake mdogo, Bi Mwanahawa, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Maji ya mtaa mzima yalikuwa kwenye bomba moja, linafunguliwa alfajiri, linafungwa jua likianza kuchoma, funguo anayo balozi wa nyumba kumi. Mie mtu peke yangu ndoo moja ilinitosha, lakini nilikuwa napanga foleni mara mbili, naipeleka ya kwanza, naimwaga nyuma ya choo, narudi tena nyuma ya mstari kama sijateka, ili mradi nisimame karibu na Zuhura. Alikuwa na tabia ya kucheka ameinama, utadhani anacheka na ndoo. Mpaka leo nikisikia maji yanajaa kwenye ndoo, ile sauti inavyobadilika yakikaribia juu, nageuka kutazama nani ameinama, na nina wajukuu sasa.

Baba mkubwa akanipelekea posa. Jibu likaja kwa mdomo wa Bi Mwanahawa: Mzee Hemedi, baba yake Zuhura, hana neno na ukoo wetu, ila binti yake hamwozeshi kibarua, maana kibarua leo yupo kesho hayupo. Nikipata ajira ya kudumu nirudi. Basi nikawa mtu wa kuwaza ajira ya kudumu asubuhi, ajira ya kudumu jioni, naipigia hesabu kama mgonjwa anavyowaza kupona.

Sasa, miaka ile huko kusini wenzetu walikuwa wanapigania uhuru wao, na serikali ilikuwa na wasiwasi kwamba mabeberu watatuma watu waje walipue bomba letu. Tukaletewa mafunzo ya tahadhari. Mkufunzi alikuwa ndugu mmoja mwembamba, hacheki, anatembea mbele yetu mikono nyuma.

"Adui haji na bunduki," alikuwa anasema, "adui anakuja na swali. Atakuuliza bomba liko wapi. Atakuuliza nani analifungua, na linafungwa saa ngapi. Ukijibu hata moja, umeiuza nchi. Na usimpe kitu, ndugu! Usimpe kiti, usimpe maji, maana ukishampa maji mtazungumza."

Tukakariri hayo wiki baada ya wiki, mpaka nikawa nayasema usingizini (jirani yangu ndiye aliyeniambia, akanisihi nihamishe kitanda upande wa pili).

Mafunzo yalipokwisha, msimamizi wetu Ndugu Mapunda akatukusanya. Akasema serikali inataka kupima kama yale mafunzo yametuingia. Atakuja mtu, siku yoyote wiki hiyo, na atakuwa amejigeuza ili tusimjue. Kituo kitakachofaulu, vibarua wake wote wataajiriwa. Niliposikia wataajiriwa, sikusikia kingine. Nilirudi Tandika kwa miguu sehemu kubwa ya njia bila kujua, namwona Zuhura jikoni kwangu, namwona na ile kanga ya njano aliyokuwa anajitanda bombani, naongea naye peke yangu barabarani.

Jioni hiyo hiyo Bi Mwanahawa akaniita uani.

"Athumani, Mzee Hemedi anakuja mjini wiki hii. Atapita huko kazini kwako akutazame, na hatasema kuwa ni yeye. Yule ndiyo zake, anataka kumwona mtu alivyo."

"Nitamjuaje sasa, mama?"

"Hee! Utashindwa kumjua? Mtu mkubwa yule, mwenyekiti wa kijiji kizima. Mpokee vizuri, mwanangu."

Kwa hiyo wiki moja nilikuwa na wageni wawili, wote wanakuja kunitazama, wote wanaficha wao ni nani. Mtu mwenye akili angekaa chini akafikiri. Mie nikawapangia sura kichwani: baba mkwe, kwa kuwa ni mwenyekiti, nikampa kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono, baiskeli na kitambi. Mtu wa serikali, kwa kuwa anajigeuza, nikampa matambara.

Siku yenyewe mwenzangu wa zamu alikuwa amekwenda kula, nimebaki peke yangu, jua la utosi. Nikaona mzee anakuja kwenye mikorosho, makubazi ya tairi miguuni, shati lina kiraka begani, vumbi mpaka kwenye nyusi, furushi begani. Moyo ukaniruka kwa furaha. Nikasema huyu hapa, kajigeuza vibaya sana, nani mjini anavaa hivi kama si mtu wa serikali?

"Habari za hapa, mwanangu," akasema.

Sikumwamkia. Mie niliyelelewa vizuri, mie ninayewaamkia hata wazee walevi, nikasimama wima nikasema, "Simama hapo hapo!"

Akasimama. Akajifuta jasho. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Bomba liko wapi, mwanangu?"

Jamani. Nilikuwa natamani nimkumbatie. Lile lile! Neno kwa neno kama tulivyofundishwa! (Na hapa mnicheke, maana mie ninayeshinda bombani Tandika na ndoo yangu ya uongo, nilitakiwa niwe wa kwanza kujua kwamba mzee mwenye vumbi na jasho akiuliza bomba anataka maji. Mafunzo yalininyang'anya Kiswahili cha mama yangu.)

"Unasemaje?"

"Bomba. Nimetembea toka barabarani kule. Au huku kwenu limeshafungwa? Linafungwaga saa ngapi? Nani analifungua?"

Matatu yote! Nikamsogelea. "Nani kakutuma hapa?"

"Aa, kiu tu, mwanangu."

"Kiu ndiye nani? Yuko wapi?"

Mzee akanitazama juu mpaka chini. Nikadhani nimembana. Nikachukua kamba ya katani iliyokuwa kibandani, nikamfunga mikono, nikamkalisha kwenye nguzo ya uzio. Hakupigana, hakupiga kelele. Nikafungua furushi lake kutafuta baruti, nikakuta shuka, kanzu iliyokunjwa vizuri, na korosho zilizobanguliwa, nikazimwaga chini nikazikagua moja moja, nyingine nikaitafuna ili kuhakikisha.

"Unaitwa nani?" akaniuliza.

"Jina langu ni siri ya taifa."

"Mie nafikiri nalijua," akasema, akainamisha kichwa. Nikaona hawa watu wa serikali wamefundishwa kweli kweli.

Haukupita muda nikasikia kengele ya baiskeli. Kanzu nyeupe. Kofia ya kushonwa kwa mkono. Kitambi!

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukutazama."

Mnataka nini zaidi? Nikampokea baiskeli, nikamtolea kigoda kivulini, nikakimbilia mtungi nikamchotea maji ya baridi, kata ya kwanza, kata ya pili. Yule wa kwenye nguzo alikuwa hatua chache tu, anaona. Nilimwona anayafuata yale maji kwa macho, na sikuwaza kitu, maana nilikuwa nawaza harusi.

Mgeni wangu akauliza habari za kazi, mie nikafunguka. Nilitaka ajue binti yake haendi kwa mtu mdogo. Nikamwonyesha koki, nikamwambia inazungushwa upande gani, nani anakuja kuifungua, zamu tunabadilishana wakati gani, saa gani kituo kinabaki na mtu mmoja.

"Na usiku mnajuanaje?" akauliza.

"Tuna neno la siri, baba. Wiki hii ni 'kisamvu'."

Akacheka. Nami nikacheka, tukacheka kama mkwe na mkwe. Kisha akanyoosha kidole. "Na yule pale?"

Nikamsogelea sikioni. "Yule ni mtu wa serikali, baba. Kaja kutupima. Nimemkamata, sasa ajira ya kudumu iko mkononi, usiwe na wasiwasi na Zuhura."

Kicheko kikamkauka. Akaweka kata chini, akasimama, akakung'uta kanzu.

"Ndugu," akasema, na lile neno mwanangu likawa limekwisha, "mtu wa serikali ni mimi."

Nakumbuka nilitazama kata. Nakumbuka nzi mmoja alikuwa anatembea ukingoni. Nikageuka polepole, kwa sababu sehemu moja ya mwili wangu ilikuwa imeshajua na nyingine inakataa.

"Sasa yule ni nani?" nikauliza, sijui namwuliza nani.

Mzee wa kwenye nguzo ndiye aliyejibu. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka maneno yanatoka kwa shida. "Mie Hemedi, baba yake Zuhura. Nifungue, Athumani, adhuhuri inanipita."

Fundo nililolikaza mwenyewe likanishinda, yule mtu wa serikali ndiye aliyelifungua. Nikakimbia na kata imejaa, maji yananimwagikia miguuni, nikapiga magoti mbele yake. Akanitazama bila hasira (afadhali angekasirika).

"Sasa kiu imeisha," akasema, kata hakuigusa. Akaokota korosho zake pale chini kwenye mchanga, zile zilizofaa, akazifunga, akaondoka kwa njia ile ile aliyojia. Korosho zile, nilikuja kuambiwa, alikuwa ameniletea mie.

Kituo chetu kilifeli, hilo hamna haja ya kuuliza. Yaliporudiwa mafunzo kwa vituo vyote, yule mkufunzi asiyecheka alisimulia habari ya kijana aliyemfunga mkwewe na kumpa mkaguzi neno la siri, watu wakaangua kicheko mpaka wengine wakashika mbavu, na mie niko benchi la nyuma, nacheka nao ili nisijulikane. Wakajua tu. Kwa muda mrefu nikipita njiani watu walikuwa wananipigia kelele, "Kisamvu!"

Baba mkubwa alikwenda kwa Bi Mwanahawa kumwomba mzee radhi, akaenda tena. Mzee Hemedi alimpokea vizuri, akamkaribisha chakula, akampa jibu moja. Kamba amesamehe, akasema, ile ni kazi ya nchi na kijana alitumwa. Kutomwamkia amesamehe vilevile. "Lakini nilimwomba maji akaninyima, halafu nikamwona anampa mwenzangu mwenye kanzu. Mwanangu Zuhura hana kanzu ya kuvaa kila siku. Siku akiwa na kiraka atampa nini?"

Baba mkubwa akaniletea swali hilo kama lilivyo. Na mie nimelitafuta jibu miaka yote hii, sijalipata.

Mzee Hemedi akaondoka na binti yake. Nilikwenda stendi kabla hakujapambazuka vizuri, nikamkuta Zuhura amesimama na mizigo pembeni ya basi, amejitanda ile kanga ya njano.

"Ungempa hata kata moja, Athumani," akasema.

"Nilikuwa nafanya kwa ajili yako."

"Najua." Akaangalia upande aliko baba yake, halafu akaniangalia mie. Hakuwa ameinama, na hakucheka. "Ndiyo inaniuma, kwamba najua." Wakamwita, akapanda.

Nilisikia baadaye ameolewa na mwalimu huko huko kwao, wakaishi vizuri, na namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa kuna siku nashukuru kwa shingo upande. Ajira ya kudumu niliipata miaka ya mbele, ilipokuja sikuwa na wa kumkimbilia kumwambia. Nikaoa, mke wangu ni mtu mwema, simlinganishi na mtu. Lakini kutamani hakuombi ruhusa. Kuna asubuhi naamka Tandika imerudi yote, foleni, madebe yanagongana, balozi anafoka, na yule msichana wa mbele yangu ameinama, na najikuta nasubiri anyanyue uso.

Nilichoapa ni hiki, na majirani ni mashahidi: mtu akifika kwangu, awe mwizi, awe karani wa kodi, awe nani, simwulizi jina wala anakotoka mpaka amekunywa maji. Mke wangu ananiambia siku moja nitamnywesha jambazi. Namwambia sawa, na anywe. Zuhura nasikia bado yupo, ni mjane sasa, mguu mmoja unamsumbua na bomba liko mbali na nyumba yake. Sijui nani anamtekea. Mie ningemtekea.