Kabureta ya Asili

Juzi nilikuwa kwenye duka la vipuri pale Nechells, huku ughaibuni, natafuta wipa. Mbele yangu alisimama Mkenya mwenzangu, mwenye gari la zamani la Kimarekani, lile la injini kubwa lililoundwa kwa ajili ya mashindano ya mbio. Alitaka kabureta.

Mwenye duka, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, akamwekea mpya kwenye kaunta. "Hii inaingia sawasawa, ndugu yangu. Leo hii gari linawaka."

Mteja akaisukuma kwa kidole kimoja. "Si ya asili, mzee. Nataka yenye namba ya kiwandani."

Mzee akashusha nyingine kutoka rafu ya juu, imeshika kutu. "Namba iko. Lakini imepasuka, haifanyi kazi."

"Hiyo hiyo!" Akaifuta kwa shati lake jeupe, akaipakata kama mtoto mchanga.

"Sasa gari utaliwashaje?"

"Kuliwasha? Likitembea si litachakaa?"

Kwetu gari lisilowaka huitwa bovu. Huku, kumbe, ni gari adimu.

Tulirudi mjini kwa basi moja. Alikaa dirishani, kabureta mapajani, akanieleza njia nzima jinsi gari lake linavyokimbia.