Gari Lililomshtukia Taraben Peke Yake

Fundi Heriel wa Ilala hashindwi na gari kirahisi, na akishindwa hasemi. Gari dogo la Taraben, mjane wa miaka sabini na moja anayeishi ghorofani Mchafukoge, nusura limtie wazimu.

"Ikienda polepole inashtuka, fundi," alisema Taraben. "Mara inavuta, mara inasita. Shingo yote inaniuma."

Heriel akalijaribu asubuhi hadi Jangwani na kurudi. Halikuwa na neno. Kesho yake akalijaribu tena, saa kumi na mbili, kabla ya foleni. Wapi! Akabadilisha plagi, akapima kwa kompyuta, kompyuta nayo ikasema gari zima. Akakaa juu ya tairi kuukuu akijikuna kichwa. Gari gani hili linalochagua dereva? Hakuelewa kabisa, na kusema "sijui" aliona haya.

Kwa hiyo Jeet, mtoto wa Taraben, alipouliza, fundi akatoa jibu la kujiokoa. "Gari haina shida. Labda mama anakanyaga breki na mafuta pamoja. Umri, bosi."

Kwa maoni yangu, hapo alikosa adabu. Jeet alimnyang'anya mama yake ufunguo siku hiyohiyo, akampa Heriel na kumwambia atafute mnunuzi.

Alasiri moja Heriel alikuwa akilipeleka gari hilo kwa mnunuzi, foleni ya Msimbazi ikamnasa. Baada ya nusu saa ya kusogea kidogo kidogo, giaboksi ikapata moto. Gari likashtuka. Likashtuka tena, na yeye alikuwa akitumia mguu mmoja tu.

Akageuza, akarudi gereji, akafungua oili ya giaboksi. Ilitoka nyekundu, oili ya kawaida ambayo mafundi huiita haidroliki, wakati giaboksi ile ina oili yake maalumu. Ikiwa baridi, huwezi kujua. Ikishachemka, ndiyo hayo. Akajiuliza ni mjinga gani aliyeiweka, kisha akakumbuka sevisi ya mwezi wa pili. Aliiweka yeye. Aibu ikamshika hadi masikioni.

Akaweka oili sahihi, akarudi kwenye foleni ileile, gari likatulia. Kisha akapanda ngazi za Mchafukoge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshaiuza?"

"Hapana." Akamrudishia ufunguo Jeet aliyekuwa kwenye kochi. "Bosi, mama anaendesha vizuri tu. Oili mbaya niliweka mimi, halafu nikamsingizia."

Taraben hakumtazama fundi hata kidogo. Alimnyooshea mwanawe kiganja.

"Lete."