Balbu Iliyowaka Mfukoni Mwangu

Naandika haya nikiwa na hasira, na mwenye hasira hana muda wa kutunga. Najua visa vya namna hii huwa vya usiku. Hiki kilinipata saa nne asubuhi, jua kali, kwenye lami ya Arua kwenda Koboko, na sikuwa nimeonja pombe. Dada yangu Drateru alikuwa kiti cha nyuma. Muulizeni, ataapa.

Gari langu ni jipu la dizeli, kuukuu. Huku kwetu watu husifu magari haya kwamba hayafi. Uongo! Yanakufa, tena kwa magonjwa ambayo kila fundi anayajua. Maji hutuama chini ya filta ya dizeli kwa sababu hakuna anayejisumbua kufungua kizibo ayamwage. Rejeta hutiwa maji ya kisima mwaka hadi mwaka mpaka inaziba kwa kutu. Na kuna mkanda wa taiming, ule mpira wenye meno uliofichwa nyuma ya kifuniko mbele ya injini. Huo ukikatika, injini inazima hapo hapo. Usukani unakuwa mzito, na ukikanyaga breki mara mbili tatu, inagoma kama umekanyaga jiwe. Ndiyo maana waliounda gari waliweka taa nyekundu kwenye dashibodi. Ukitimiza kilomita laki moja inawaka, maana yake badilisha mkanda. Kuna jambo gumu hapo?

Yangu iliwaka. Nikaenda kwa Anguyo, fundi wangu pale Arua.

"Bosi, hii taa inasumbua bure," akasema. "Mkanda iko sawa."

"Umeufungua ukauona?"

"Nifungue ya nini? Injini inalia muzuri. Wewe sikiliza tu."

Akaingiza mkono nyuma ya dashibodi, akachomoa balbu ya ile taa. Kwisha. Alitaka kuitupia kwenye rafu yake, nikanyoosha mkono anipe.

"Ya nini, bosi? Utapika nayo chai?"

Mafundi wenzake wakacheka. Nami nilicheka, niaminini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Taa ilikuwa imezimika nami nikafurahi, kana kwamba ugonjwa ulikuwa kwenye taa. Nikatia balbu kwenye mfuko wa shati.

Siku tatu baadaye nilivaa shati lile lile nikampeleka Drateru kwake Midia, ng'ambo ya Koboko. Alikuwa amejifungulia Arua, na mtoto alikuwa na siku nane tu, amefungwa kwenye kanga kifuani mwa mama yake.

Tulipopita Maracha nikamwona mtu kando ya barabara, amevaa ovaroli ya buluu, mkono ameuinua tu bila kuupunga. Nikasimama. Nikashuka kumfungulia mwenyewe, kwa sababu mlango wa mbele wa kushoto ni mbovu: kitasa cha ndani kilikatika zamani na kioo hakishuki. Ukishakaa pale, hutoki mpaka mtu wa nje akufungulie. Shikeni neno hilo.

Hatukwenda mbali, Drateru akaninong'oneza, "Kaka, huyu mutu analowesha kiti."

Kweli. Ovaroli ilikuwa ikichuruzika maji, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima. Drateru akasogea upande wangu, akamfunika mtoto vizuri.

"Taa ya mkanda yako iko wapi?" yule mtu akauliza. Hakuwa ametazama dashibodi.

Alijuaje? Mimi nikajibu kwa maneno ya Anguyo, neno kwa neno: "Ilikuwa inasumbua bure. Mkanda iko sawa."

"Taa haisumbui mutu," akasema. "Taa inaita mutu." Kisha akaongeza, "Yangu pia ilikuwa iko sawa. Fundi yako na fundi yangu iko moja. Mwambie arudishe balbu yangu. Iko kwa kopo."

Nilitaka kumuuliza kopo gani. Sikuwahi. Kifua kilinichoma kana kwamba mtu amenibandika kaa la moto. Nikatazama chini, nikaona mwanga ndani ya mfuko wa shati. Mbele yetu ulikuwa unaanza mteremko wa mto, daraja liko chini, na lori lililojaa mizigo lilikuwa linapanda. Nikakanyaga breki kabla gari halijaanza kuteremka, nikaliingiza kwenye majani, nikazima injini.

Nikaitoa ile balbu. Ilikuwa inawaka kiganjani mwangu. Hakuna waya, hakuna betri! Niliitazama mpaka ikafifia yenyewe.

"Yesu wangu," Drateru akasema. "Kaka, ameshukia wapi?"

Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, maji yakidondoka sakafuni. Mlango ulikuwa umefungwa. Kioo kilikuwa juu.

Sikugusa ufunguo tena. Nikampigia simu fundi wa Koboko, mtu mkimya aliyekimbia vita Sudan Kusini, naye akaja na bodaboda pamoja na vifaa vyake. Alifungua kifuniko pale pale kando ya barabara. Mkanda ulikuwa umelowa oili iliyovuja kwenye mpira wa sili, umepasuka kila mahali, na meno matano yalikuwa yameng'oka. Akaukunja kwa vidole viwili, ukakatika kama muhogo mkavu.

Akamtazama mtoto, kisha akatazama daraja. "Ungeshuka hii mlima, ungeingia kwa maji," akasema. "Mvua ile ingine, jipu kama hii iliingia pale. Dereva alikufia ndani. Mlango ilikataa kufunguka."

"Alivaa nini?"

"Ovaroli ya buluu. Nani amekuambia?"

Fundi alifunga mkanda mpya na sili mpya, na kitasa cha mlango nikataka kitengenezwe siku hiyo hiyo. Drateru alifika kwake kwa bodaboda, mtoto kifuani. Jipu ninalo hadi leo, ila yeye hajalipanda tena, na simlaumu.

Nikarudi Arua moja kwa moja mpaka kwa Anguyo. "Kopo liko wapi?"

"Kopo gani, bosi?"

Nilikwisha kuliona pale kwenye rafu, kopo la maziwa ya unga. Nikalimwaga mezani. Balbu! Ndogo ndogo, rundo zima, nyingine zimeshika vumbi.

"Hizi ni za nani?"

"Za wateja."

"Na magari yao?"

"Iko kwa barabara," akasema akicheka. "Iko sawa."

Nikamweleza juu ya mtu wa ovaroli. Akaacha kucheka. Akajifuta mikono kwa tambara, akaendelea kujifuta hata ilipokuwa safi. "Yule alikuwa mteja yangu," akasema kwa sauti ndogo. Nilibeba kopo lote mpaka darajani nikamwaga balbu zote mtoni, maana sikujua ya marehemu ni ipi. Nikadhani Anguyo amejifunza. Wiki iliyofuata nilipita hapo kwake. Kwenye rafu ile ile kulikuwa na kopo jipya, na ndani yake balbu mbili.

Kovu ninalo kifuani, ukubwa wa punje ya hindi. Halisikii dawa.

Nawe unayeendesha gari la aina hii, sikia. Kesho asubuhi zungusha ufunguo, lakini usiwashe injini kwanza. Tazama dashibodi: kila taa lazima iwake, ndipo izimike mara injini inaposhika. Kama kuna moja isiyowaka kabisa, usifurahi kama nilivyofurahi mimi. Kuna mtu ameichomoa, na kile ilichotaka kukuambia bado kimo ndani ya injini. Na ukikuta mtu barabarani amelowa chapachapa wakati wa jua, mbebe, hana ubaya. Ila atakuuliza taa yako iko wapi. Usithubutu kumjibu kwamba iko sawa.