Salamu Nilizoongeza Mwenyewe

Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme tuliachana kwa amani, maana hakuna aliyelia. Nikatoka kwetu Busunzu, kule Kibondo, nikaja Kasulu kwa mjomba, nikahangaika na vibarua, mwishowe nikapata kazi ya uhudumu wa ofisi kwenye halmashauri moja ya huku kwetu. Sitaitaja, kwa sababu bado inanilisha. Nafungua madirisha, nafagia, nachemsha chai, napeleka barua. Wanangu wakiulizwa shuleni baba yao yuko wapi, wanajibu, "Yuko Utumishi." Siwasahihishi. Kweli niko Utumishi. Nafagia hapo.

Ofisi ya Utumishi ndiyo inayoshika mambo yote ya wafanyakazi: ajira, likizo, uhamisho, adhabu. Bosi wake ni mama mmoja katokea Tanga, mdogo kwangu kwa umri, msafi, Kiswahili chake kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Sisi tunamwita Mama Utumishi. Pembeni yake kuna chumba kilichokuwa stoo, ambacho mwajiri alikitoa kiwe ofisi ya tawi la chama cha wafanyakazi. Humo anakaa Katibu wa tawi, Muha mwenzangu wa Kibondo, mtu mkubwa, akikaa kiti kinalalamika. Kati ya vyumba hivyo viwili ukuta ni siling bodi. Yaani ukuta wa jina tu. Zamani Mama Utumishi akipiga chafya, Katibu upande wa pili anasema, "Afya!" Na yeye anajibu, "Asante, kaka."

Halafu wakagombana. Ilikuwa kwenye baraza la wafanyakazi, kile kikao ambacho wakubwa wa halmashauri na wawakilishi wetu wanakaa meza moja. Mimi nilikuwa nagawa maji. Katibu akasimama akasema huyu mama anawahamisha watu kama anachanga karata. Mama Utumishi akajibu kwamba Katibu uchaguzi wa tawi umekaribia, anatafuta kura. Watu wakacheka pande zote mbili, mbele ya Mkurugenzi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsemesha mwenzake. Chafya zikawa zinapita bila jibu.

Ila kazi lazima iende, kwa hiyo wakaanza kuandikiana barua. "Rejea barua yako ya jana, husika na mada tajwa hapo juu." Mlango kwa mlango ni hatua kumi na moja, nilizihesabu, na kila barua ilisainiwa kwenye daftari la dispachi kwamba imetoka na kwamba imepokelewa. WhatsApp? Katibu alikuwa ameblokiwa. Miezi mitatu nikatembea zile hatua kumi na moja kwenda na kurudi. Kusema ukweli nilifurahia. Nilijiona balozi.

Ndipo akaja yule nesi wa Titye.

Alikuja asubuhi na mtoto wa miezi mitano mgongoni, na bahasha ya kaki mkononi. Ni mkunga kwenye zahanati moja upande ule wa Titye. Kwao Lindi, mume wake ni mwalimu wa shule ya msingi hapohapo kijijini, wa Singida. Wamekutana huku, wameoana huku, hawana ndugu huku. Barua ilisema ahamie zahanati nyingine, mbali, mwisho kabisa wa wilaya, na aripoti ndani ya siku kumi na nne. Siku kumi na mbili zilikuwa zimeshapita.

"Kaka," akaniambia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mlangoni na fagio, "nikienda huko mume wangu anabaki na nani? Mtoto huyu nani atanisaidia kumshika nikiwa na mzazi anayesukuma? Baba yake atambembeleza kwa simu?"

Nikamwambia aingie kwa Katibu. Akaingia, akaeleza, mtoto akalia, na upande wa pili wa siling bodi kompyuta ya Mama Utumishi ikaacha kulia. Alikuwa anasikiliza. Kila mtu pale alijua anasikiliza.

Katibu akaandika barua ya kupinga. Nikaipeleka, hatua kumi na moja. Mama Utumishi akajibu siku hiyohiyo kwamba ile zahanati ya mbali haina mkunga hata mmoja na wale kina mama nao ni watu. Nikairudisha. Na nilipofungua daftari ili Katibu asaini, nikaona ule ndio mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho. Daftari limeisha.

Nikaenda ugavi kuomba lingine. Wakasema leta barua ya maombi. Barua nayo, ili itoke, lazima ipite kwenye dispachi. Nikasimama pale kaunta nikifikiria hilo jambo mpaka kichwa kikauma, na ni kichwa cha kidato cha pili, hakikuumbwa kwa mizigo hiyo. Nikamwambia Mama Utumishi ninunue kaunta buku sokoni. Akasema kaunta buku ya sokoni si nyaraka ya serikali. Ilikuwa Jumatano. Yule nesi alitakiwa aripoti kituo kipya Ijumaa.

"Basi Mama," nikasema, "nitume kwa mdomo."

Akageukia kompyuta. "Mwambie Katibu uhamisho uko palepale. Kama ana hoja mpya, alete."

Nikatoka. Hapa inabidi mnielewe. Kwetu Uha huingii kwa mtu ukamtupia ujumbe kama unatupia mbuzi majani. Unasimama, unapiga makofi taratibu, unauliza mmeamkaje, wa nyumbani, watoto, mvua, mahindi. Ukishamaliza ndiyo unasema kilichokuleta. Barua haina shida hiyo, unaikabidhi tu. Lakini mimi sasa ndiye niliyekuwa barua, na barua hii ililelewa na mama yangu.

"Mwakeye, Katibu," nikasema, salamu yetu ya Kiha, makofi mawili.

"Mwakeye."

"Mama anakusalimia sana. Anauliza nyumbani hawajambo? Na yule mtoto wako wa malaria, alipona?"

Katibu akatoa macho. Alikuwa ameyasikia maneno niliyotumwa kama nilivyoyasikia mimi, na humo malaria haikuwemo.

"Alipona," akasema polepole. "Mwambie nashukuru."

"Anasema pia uhamisho uko palepale."

"Aa. Mwambie hoja ni ileile. Mama mwenye mtoto mchanga hatenganishwi na mume wake kama kuku wa mnada."

Nikarudi. "Mama, Katibu anashukuru kwa kumuulizia mtoto. Anasema na wewe pole kwa ule msiba wa shangazi yako Tanga, alikosa nafasi ya kukupa pole."

"Nimemuulizia mtoto saa ngapi?"

"Na anasema kuku wa mnada."

Nikaenda tena, nikarudi tena. Kazi ilikuwa imeninogea. Safari ya tatu nikazidisha, nakiri, ni kama pilipili, mkono ukishazoea unamwaga. Nilisimama mbele ya Katibu, makofi mawili, nikasema, "Mama anasema anakuheshimu kama kaka yake mkubwa. Yale maneno ya kwenye baraza yalimponyoka tu."

"Sijasema hivyo!"

Siling bodi ilitetemeka. Miezi mitatu, na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza. Katibu akaugeukia ukuta.

"Najua hujasema! Nimesikia kwa masikio yangu! Lakini ungesema ungepungukiwa nini?"

"Na wewe ulivyoniita mchanga karata mbele ya Mkurugenzi?"

"Wewe umeniita mtafuta kura!"

"Kwani hutafuti?"

Nikasikia kiti cha Katibu kinalia.

"Natafuta," akasema. "Natafuta, ndiyo. Lakini siyo kwa huyu dada. Huyu hata kwenye vikao vya tawi langu hajawahi kuchangia neno moja. Huyu namtetea kwa sababu amekuja na mtoto mgongoni."

"Na mimi unadhani sikumsikia yule mtoto?" Sauti ya Mama Utumishi ilikuwa imeshuka. "Kule ninakompeleka kuna wajawazito wanapanda bodaboda na uchungu, barabara unaijua wewe mwenyewe, ndiyo ya kwendea kwenu. Nikimwacha huyu, nampeleka nani? Nitajie jina."

"Wewe ndiye Utumishi, jina unaniuliza mimi?"

"Nitajie, kaka. Nina majina yote hapa, nimeyapitia mara nne. Kila mmoja nikimgusa, unaniandikia barua."

"Sina jina," Katibu akasema.

"Basi."

Ile "basi" iliniogopesha kuliko kelele zote. Nilikuwa nimesimama pale katikati, nikaona hawa watu wawili wote wana haki, wamechoka wote, na Ijumaa nesi atafungasha. Nikasema, "Mbona yupo mtu."

"Nani amekuuliza?" wakasema wote wawili kwa pamoja. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu lile baraza.

Lakini nilishasema, nikamalizia. Pale kituo cha afya cha mjini kuna nesi, mtu mzima kidogo, mkunga, tunakutana asubuhi kwa mama anayeuza chai na maandazi. Kwao ni kijiji hichohicho chenye ile zahanati isiyo na mkunga. Mama yake yuko kule, shamba lake la muhogo liko kule, na kila andazi analokula hapa mjini analila huku akilalamika. Mji umemshinda, anasema, hata maji ya kunawa ananunua. Anataka kurudi kwao hata kesho.

"Kwa nini hajaomba?" Mama Utumishi akauliza. "Kwenye faili lake hakuna barua."

"Mama, anaogopa. Anasema ukiandika Utumishi unaonekana msumbufu, unaandikwa jina, siku nyingine linakurudia. Siyo yeye peke yake. Huku kwetu mtu akipata bahasha yenu, kabla ya kuifungua anawaita ndugu."

Nikadhani nimejimaliza.

"Mimi naogopwa kiasi hicho?" akasema. Hakuwa anafoka. Aliuliza kama mtu aliyeambiwa shati lake limechanika nyuma tangu asubuhi.

Katibu akakohoa. "Na mimi naogopwa, dada. Huyo nesi ni mwanachama wangu. Mbona hata kwangu hakuja?"

Nikasikia kiti cha upande wa pili kinasogezwa, halafu viatu. Mama Utumishi alitembea zile hatua kumi na moja mwenyewe, akaingia, akakaa kwenye benchi la wanachama, akiwa na faili mapajani.

"Mpigie," akamwambia Katibu. "Wewe. Nikipiga mimi atazimia."

Yule nesi wa mjini alikuja na yunifomu yake, mikono inanuka dawa, akijua anafukuzwa kazi. Walipomwambia, alitutazama mmoja mmoja, akafika kwangu.

"Wewe!" akasema. "Kumbe maandazi yangu unakula na maneno yangu unayabeba!"

"Dada, uhamisho unautaka au huutaki?"

"Nautaka! Ningejua ni wewe njia yake, si ningekulisha vizuri!"

Mganga mkuu wa wilaya akapigiwa, akauliza maswali mawili, akakubali. Mkurugenzi alisaini Alhamisi. Mama Utumishi akaandika barua mbili, na kuhusu dispachi akaniambia nisimuulize kitu. Mimi pia nilipewa yangu, ya mdomo. Aliniita akafunga mlango, kana kwamba mlango unasaidia kitu kwenye chumba kile.

"Kaka yangu, ukitumwa, peleka ulichotumwa."

"Ndiyo, Mama."

"Usiongeze."

"Ndiyo, Mama."

"Na huyo mtoto wa malaria, ulijuaje?"

"Nilimuuliza Katibu mwenyewe, Mama. Wiki ile alipokuwa haji kazini mapema."

"Mimi nilimwandikia barua ya onyo kwa kuchelewa wiki ile," akasema, akaniambia niende.

Alhamisi hiyohiyo mchana gari la chanjo lilikuwa linakwenda upande wa Titye, nikaomba lifti nipeleke bahasha mwenyewe. Ingetosha kumpigia simu, ni kweli. Lakini baada ya miezi mitatu ya kubeba ugomvi kwenye korido, nilitaka nibebe kitu kizuri mbali kidogo.

Nikamkuta nje ya zahanati anapima watoto uzito. Kina mama wamejipanga kwenye benchi mpaka uani, mtoto mmoja ananing'inia kwenye mzani anapiga kelele kama anauzwa. Wake mwenyewe alikuwa amelala kwenye khanga chini ya meza. Ndani ya nyumba yake pale pembeni, mlango ukiwa wazi, niliona begi na ndoo mbili zimefungwa kamba. Alishaanza kufungasha.

Akaiona bahasha, mkono ukabaki kwenye mzani.

"Soma wewe," akasema. "Mikono yangu haina nafasi."

Nikaifungua, nikasimama vizuri, nikaanza. Mimi nasoma taratibu, na barua za serikali hazina huruma na watu wa taratibu. "Tafadhali rejea barua yenye kumbukumbu namba..." Namba ilikuwa ndefu, ina mikwaju. Kina mama wa benchi wakawa wananisikiliza kama mahubiri. "Husika na mada tajwa hapo juu. Kwa kuzingatia mazingira ya ki... ya kifamilia na mahitaji ya..."

"Kaka! Nabaki au naenda?"

"Unabaki."

Akaangalia chini kidogo. Akapumua. Halafu akasoma mzani, akamwambia mama wa yule mtoto kilo ngapi, akaandika kwenye kadi, akamshusha mtoto, akampa mama yake.

"Mume wangu yuko darasani," akasema. "Akitoka utamwambia wewe. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, usianze na hizo namba."

"Sawa."

"Na keti basi, usisimame kama afisa. Nina foleni."

Wakanisogezea nafasi kwenye benchi, kati ya mama mmoja mwenye mapacha na bibi aliyemleta mjukuu. Nikaketi. Yule bibi akapiga makofi mawili, akaniuliza nimeamkaje, wa nyumbani hawajambo, mvua huko nilikotoka vipi, na kwa kuwa sikuwa na haraka wala ujumbe mwingine, nikamjibu yote.