Binti Aliyerudi Kumchukua Jirani

Huko Bulembia, tulikokaa karibu na mto, jirani yetu alikuwa bibi kipofu, mkimbizi kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka. Kila nilipokwenda kumchotea maji, nilimchukua binti yangu mkubwa. Sikumhubiria. Nilimpa kidumu chake kidogo tukaenda pamoja, na alipokua kidogo akawa anakwenda mwenyewe bila kutumwa.

Asubuhi moja mto ulifurika, tukakimbilia mlimani. Nilikuwa nimembeba mdogo wake mgongoni. Mkubwa akasimama ghafla.

"Mama, bibi amebaki peke yake."

Kabla sijamshika, akarudi mbio.

Alimtoa. Majirani walimwona akimfikisha bibi mahali pa juu, penye mawe, kisha binti yangu akateleza na maji yakamchukua.

Tulimzika Bwera, kwa wazazi wa baba yake. Bibi aliletwa msibani, akanipapasa uso huku akilia. "Mama, mutoto wako alinibeba ku mugongo. Heri maji ingenibeba mimi."

Nilimkalisha kando yangu. Zipo siku nilizotamani ningemlea awe mchoyo, nikaona haya kwa kutamani hivyo, na bado nikatamani.

Juzi tulikuwa tukimenya ndizi na mdogo wa marehemu, ambaye sasa anasoma. Akaniuliza, "Mama, nikiona mtu anazama, na mimi niende?"

Moyo wangu ulisema hapana.

"Ita watu wazima kwanza," nikamwambia. "Lakini usimwache mtu."

Akaitikia, akaendelea kumenya. Mimi sikuweza kuendelea.