Pikapu Tuliyonunua Karagita

Baba yangu aliendesha malori ya ngano kwa zaidi ya miaka thelathini, kutoka mashamba ya juu ya Mau Narok hadi maghala ya Nakuru, na hakuwahi kuangusha lori hata moja. Hilo alilitaja mara nyingi kuliko alivyosali. Katika ukoo wetu hakuna aliyenunua chombo chenye injini bila yeye kukipima kwanza. Wajomba walimchukua wakienda kuchagua trekta, majirani walimchukua wakienda kuchagua pikipiki. Alikuwa anasimama kando, anainamisha kichwa, anasikiliza injini ikinguruma, kisha anatoa hukumu, na hukumu yake haikuwa na rufaa.

Mimi ni kifungua mimba wake, na katika watoto wake watatu ni mimi tu ambaye hakunifundisha kuendesha. Ndugu zangu wawili aliwapakata kwenye usukani kabla hata hawajaota meno ya pili. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, nilipanda trekta ya mwajiri wake siku moja asubuhi, nikaiwasha, nikaenda nayo hatua kama hamsini hivi, kisha nikaung'oa ua wa boma la ng'ombe. Baba alinishika mkono akanisimamisha mbele ya wafanyakazi wa shamba, wanaume kumi waliokuwa wakinywa uji. Akawaambia, "Mcheke."

Walinyamaza. Nadhani walinionea huruma.

"Nimesema mcheke."

Wakacheka. Nilikuja kujifunza gari nikiwa na miaka thelathini na mmoja, katika shule ya udereva mjini Nakuru, kwa pesa zangu, na sikumwambia mtu hadi nilipopata leseni. Nilipomwonyesha aliigeuzageuza mkononi, akasema picha imetoka vizuri.

Nayaeleza haya si kwa ajili ya kujitetea. Nayaeleza kwa sababu yalikuwa ndani yangu siku ile tuliyoenda kuchagua pikapu, na mtu akisikia nilichofanya bila kuyajua haya atafikiri nilifanya kwa bahati mbaya.

Nina duka la agroveti pale Njoro. Nauza mbegu, mbolea, chakula cha ng'ombe na dawa za mifugo. Wateja wangu wakubwa wako juu mlimani, na barabara zao zikipata mvua zinageuka kuwa uji mweusi. Kwa miaka minne nilikuwa napanda huko na kigari kidogo cha watu wanne, magunia mawili kwenye buti, na mara kwa mara nilivutwa na ng'ombe wa wale wale niliokuwa nimeenda kuwauzia dawa. Nilihitaji pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne, yenye viti vya nyuma, ili siku sita ibebe mbolea na ya saba ibebe watoto wangu wawili na wazazi wangu kanisani. Mpya sikuiweza. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, hajui gari na hajawahi kujidai anajua. Mama ndiye aliyeniambia nimchukue Baba.

"Anakaa tu na redio kutwa nzima," alisema. "Mpe kazi."

Nilijua macho yake yameanza kuingia ukungu. Sote tulijua. Alikuwa akimimina chai pembeni mwa kikombe, kisha analaumu kikombe. Lakini hakuna aliyethubutu kulitamka neno macho mbele yake, basi nikamchukua, pamoja na Mama na watoto, Jumamosi moja asubuhi.

Ya kwanza tuliiona kwenye yadi moja ya magari mjini Nakuru. Iling'aa kama kiatu cha bwana harusi. Baba alipitisha kucha kwenye mpira wa mlango, akakwangua, akanionyesha rangi iliyobaki kwenye kucha. Gari halipakwi rangi mpaka kwenye mipira ila kama kuna jambo linafichwa, alisema, kwa sauti ya kutosha kusikika na wateja wengine wawili, ambao waliondoka. Muuzaji alitutazama kama tumemmwagia maji.

Ya pili ilikuwa mtaa wa Section 58, nyumbani kwa mama mmoja mjane. Ilikuwa chafu, imejaa manyoya ya kuku, lakini injini yake ilipowashwa Baba alifunga macho akatabasamu. Hii, akasema. Shida ilikuwa logibuku, ile hati ya umiliki, bado iko kwa jina la marehemu mumewe, na shemeji za yule mama walikuwa na kesi naye. Mama yule alinishika mkono akaniambia niichukue tu, makaratasi yatafuata, kwamba anataka iondoke kabla wale watu hawajaja kuivuta. Nikamwambia pole. Baba alimwambia kitu kingine. Alimwambia kwamba mwanamke mwenye akili angemsainisha mumewe mapema, wakati bado ana mkono wa kushika kalamu. Yule mama aliingia ndani akafunga mlango, na sisi tukabaki uani tukiangalia kuku. Kwenye gari Mama alisema polepole kwamba hayo hayakuwa maneno ya kumwambia mtu aliyefiwa. Baba akamjibu kwamba kama anajua mambo ya magari, ashuke akachague yeye.

Basi tukafika Karagita, karibu na ziwa Naivasha, mchana. Mwenye pikapu alikuwa mtu wa makamo ambaye alikuwa akiwauzia maji wafanyakazi wa mashamba ya maua, kwenye vyumba vyao vya kupanga. Alikuwa akibeba tangi kubwa mgongoni mwa gari. Sasa bomba la maji lilikuwa limefika, na kazi imeisha. Pikapu ilikuwa nyeupe, viti vyote viko sawa, tairi nzuri. Watoto wangu walikuwa wamekwisha kupanda ndani kabla sijazima gari langu. Mama alibaki kwenye kile kigari chetu, kioo kimeshushwa, akijipepea na leso.

Baba aliisikiliza injini, akaridhika. Akanusa oili. Kisha akatandika gunia chini, akalala chali, akajisukuma kwenda uvunguni na tochi. Kwenye gari la kazi, alikuwa akitufundisha, mengine yote yanatengenezwa, lakini angalia chasisi, vile vyuma viwili virefu vinavyobeba gari lote. Chasisi ikishakatika, umebaki na kitanda.

Akiwa kule chini tochi ilimponyoka ikabingirika upande wangu. Nilipiga magoti nikaiokota, na nilipokuwa nimeinama mwangaza ukaangukia juu ya chuma, karibu na ekseli ya nyuma. Palikuwa pamepakwa rangi nyeusi mbichi, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Chini ya rangi palikuwa na mstari umevimba, kama kovu la mtu aliyepasuliwa. Chuma kilikuwa kimekatika kikachomelewa. Haikuhitaji fundi. Mtoto angeona.

Mkono wa Baba ulikuwa umenyooshwa kutoka uvunguni, kiganja wazi, kikingoja tochi. Nikamwekea.

"Umeona nini upande huo?" akaniuliza.

Katika maisha yangu yote hakuwahi kuniuliza swali lolote kuhusu gari. Hilo lilikuwa la kwanza.

"Sijaona kitu," nikasema.

Alikaa kule chini dakika nyingine tano, akipitisha mwanga mahali pale pale bila kupaona. Nilimhesabia. Mwanga ulipita juu ya lile kovu mara tatu. Alipotoka alikuwa na vumbi kwenye nyusi na ilibidi nimshike kwapani ili asimame. Akamtangazia muuzaji kwamba chasisi ni safi. Muuzaji hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, na nikajua alikuwa ameniona nikiinama, kwa sababu alipunguza bei bila mtu kumwomba.

Nimejiuliza nilitaka nini. Niliitaka ile pikapu, kweli, na niliona watoto walivyokaa ndani yake. Nilijiambia pia kwamba chuma kikichomelewa vizuri hukaa miaka. Lakini chini ya hayo yote palikuwa na jambo jingine, na nililijua wakati ule ule nikiwa nimepiga magoti. Nilitaka akosee. Nilitaka akosee kosa kubwa lisiloweza kubishiwa, na watu walione.

Niliinunua, nayo ilidumu msimu mmoja tu wa mvua. Nilikuwa nashuka kutoka Mau Narok na magunia ya mbegu za viazi ambayo mteja aliyakataa, na Mama alikuwa kiti cha nyuma kwa sababu nilikuwa nimempitia kwa dada yake. Hatukuwa tunakimbia. Tulivuka mtaro, gari likaruka kidogo, nikasikia mlio kama mti mkubwa unaovunjika. Sehemu ya nyuma ililala chini, ikatuvuta tukazunguka, tukaingia kwenye shimo la kando ya barabara kwa upande wa Mama. Magunia yalipasuka. Nakumbuka viazi vikiteremka barabarani kimoja kimoja, na Mama akiniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hausikii mguu wake.

Ilikuwa nyonga. Walimfunga vyuma, na hadi leo anatembea na magongo, hatua fupi fupi, kutoka kitandani hadi jikoni na kurudi.

Fundi aliyeivuta pikapu mpaka Njoro aliwaonyesha ndugu zangu pale ilipokatikia. Kutu ya zamani huku, chuma kipya kule, rangi juu yake. Jumapili iliyofuata tulikutana nyumbani kwa wazazi, baada ya kanisa. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Mkubwa kati ya ndugu zangu wawili alimuuliza kama aliingia uvunguni. Akasema aliingia. Akamuuliza kama alikuwa na tochi. Akasema alikuwa nayo.

"Sasa mzee, ulikuwa unamulika nini?"

Mdogo aliinamisha kichwa kando, akafunga macho, akamwigiza anavyosikiliza injini, na wake zao wakaziba midomo. Wakaendelea. Wakamrudia hadi chai zao zikapoa. Walimwambia amemlemaza mama yao kwa kiburi, na kwamba kipofu anayejua ni kipofu ana heri. Kisha wakanigeukia mimi, wakaniuliza kama nilikuwepo, kama na mimi niliangalia.

Nafasi ilikuwa hiyo. Baba pia alinitazama, au alitazama upande nilipokuwa.

"Nilimwamini," nikasema.

Walimchukulia leseni yake siku hiyo. Ilikuwa kwenye pochi ya ngozi, na aliitoa mwenyewe kabla hawajamaliza kuomba. Yule mkubwa wa ndugu zangu aliitia mfukoni. Tangu siku hiyo hakuna mjomba wala jirani aliyekuja kumchukua Baba kwenda kuangalia kitu chochote. Redio alikuwa nayo, lakini aliacha kuiwasha.

Miezi miwili baadaye nilikuwa namwogesha Mama, naye akaniambia bila kunitazama, "Nilikuona ukiinama pale Karagita. Ulikaa chini kuliko mtu anayeokota tochi."

Nikaendelea kumsugua mgongo. Kisha nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Nilingoja useme wewe. Uliponyamaza nikafurahi." Akanyoosha mkono nimpe taulo. "Miaka arobaini na mbili na yule mwanaume. Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa."

Hatujalizungumza tena. Akihitaji kwenda chooni ananiita, nami naenda.

Nilinunua pikapu nyingine baadaye. Nililipa fundi, akaiinua juu kwenye karakana, tukaipitia chuma kwa chuma tukiwa tumesimama. Ni gari zuri. Baba anapanda siku za Jumapili, na hukaa nyuma katikati ya watoto. Nimemwomba mara kadhaa aje mbele, anasema pale panamtosha. Akitaka hewa anamwomba mwanangu wa miaka tisa ruhusa ya kushusha kioo.

Mwezi uliopita nilimpeleka Nakuru kutolewa ule ukungu. Jicho moja limepona vizuri. Tukiwa njiani kurudi alikuwa akisoma mabango yote ya barabarani kwa sauti ya chini, nami nikaona kwamba nisiposema siku hiyo sitasema. Nikapunguza mwendo. Nikamwambia, "Baba, ile pikapu ya Karagita…"

"Hiyo maneno iishe," akanikatiza. "Nilikosa. Lakini vile ndugu zako walinisema, wewe peke yako ulisema uliniamini. Hiyo sijasahau." Akajipangusa lile jicho, ambalo daktari alimkataza asiliguse. "Asante, mama."

Nikasema karibu, nikaongeza mwendo.