Kaseti ya Kwaya

Juzi, pale mjini Litein, niliisikia sauti ya kaka yangu Kiprono ikitoka kwenye duka la simu kabla sijauona uso wake uliochorwa ukutani. Tangu afariki, vijana wanamwita baba wa rap ya huku kwetu. Wimbo wake wa kwanza wanaujua wote kwa moyo.

Mimi naujua kwa harufu ya majani ya chai kwenye koti la baba, mchana ule alipotoka kiwandani akamkuta Kiprono akijirekodi kwenye kaseti.

“Hiyo kaseti umetoa wapi?”

“Kwa kabati, baba. Nilidhani kwaya ya mama iko upande ule mwingine.”

Baba aliigeuza, akasikiliza pande zote mbili. Mama alikuwa ameshazikwa, na sauti yake haikuwa mahali pengine.

“Hapa ndipo mama yako alikuwa anaimba peke yake,” alisema polepole. “Chukua kelele yako uende nayo.”

Mimi, mdogo bado, niliamini mama yuko chini ya sauti ya kaka. Nilichomeka kalamu kwenye kaseti, nikaanza kurudisha utepe nimtafute.

“Ngoja kidogo, atasikika,” nilimwambia baba.

Kiprono aliichukua mikononi mwangu, akatoka nayo. Baba akaufunga mlango.